Mratibu na Fomu za Wanafunzi

Bahasha ya fomu za tathmini ilikaa imefungwa mpaka matokeo ya mitihani yalipobandikwa, asije mwanafunzi akahofu kwamba ukweli wake utamponza. Sasa mratibu wa mtaala wa chuo kimoja cha uuguzi anaifungua na kupanga fomu kwa moduli. Hazina majina, ila herufi ya kundi la mafunzo kwa vitendo: A au B.

Anaanza na alama, 1 hadi 5, kipimo tulichoachiwa na Rensis Likert tangu mwaka 1932. Hakimbilii wastani. Kwa kila fomu anachora kistari chini ya alama iliyotolewa, kwa sababu wastani wa 3 waweza kuwa darasa zima lililoridhika kidogo, au nusu waliotoa 5 na nusu waliotoa 1. Famakolojia imegawanyika hivyo hasa.

Maoni ya maandishi anayasoma yote mara ya kwanza bila kushika kalamu. Mara ya pili ndipo anapotia alama za penseli: kasi, vifaa, ratiba. Lalamiko kuhusu ukali wa mkufunzi halitupi. Analitenga lipelekwe kwa mkuu wa idara, kwani mtaala hauwezi kulitibu.

Neno moja linajirudia: mwalimu anakimbia. Ingekuwa rahisi kumwambia mwalimu apunguze mwendo. Yeye anafungua ratiba ya wodi. Wanaolalamika ni kundi B, waliotangulia wodini. Huko walikuta mgonjwa ameandikiwa tramadoli miligramu 75, na ampuli ina miligramu 100 ndani ya mililita 2. Muuguzi mzoefu anavuta mililita 1.5 bila kusita. Mwanafunzi anatazama tu. Waliporudi darasani, hesabu za dozi zilipitwa haraka.

Bado hagusi mtaala. Anapitia majibu ya mtihani ya swali la dozi, anaketi na wanafunzi wachache, anamuuliza msimamizi wa wodi. Kumbe wodi ilidhani wamefundishwa darasani, na darasa likadhani wamejifunza wodini. Hakuna fomu iliyosema hivyo, na bila fomu asingefika hapo. Subira ya namna hii naiheshimu sana.

Kupata saa za kufundishia hesabu hizo ni kazi nyingine, maana ratiba imejaa. Anazipata kwenye somo la kuzuia maambukizi, ambalo moduli mbili zilikuwa zikilirudia karibu neno kwa neno. Anapendekeza kwa kamati ya taaluma kwamba hesabu za dozi zifundishwe kabla ya kundi lolote kwenda wodini, kwa bomba la sindano na maji.

Wahitimu nao huulizwa, kwa kuwa mapengo mengine huonekana kazini tu. Chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Tanzania, kilitafuta maoni ya wahitimu wake kilipoandaa mitaala ya umahiri iliyoanza kutumika mwaka 2011.

Mwishowe anabandika tangazo: kilichobadilika, kisichobadilika, na sababu. Wanafunzi waliomba zamu za usiku zipunguzwe. Zimebaki, kwa kuwa usiku wauguzi ni wachache na mgonjwa huzidiwa saa yoyote, na mhitimu atakabidhiwa wodi saa hizo. Kisha anaongeza swali moja kwenye fomu ya muhula ujao: Je, ulifundishwa kukokotoa dozi kabla ya siku yako ya kwanza wodini?