Chupa Isiyo na Kitu

Ukimpelekea fundi maji ya kupima, yawe ya kisima cha hapa Kamina au ya Ziwa Upemba, na kama kazi yake anaijua, hatayapima hayo peke yake. Pembeni ataweka chupa nyingine ya maji yaliyochemshwa na kupoa yakiwa yamefunikwa, naye ataipitisha njia ile ile: kichujio cha aina ile ile, kibano kile kile, chakula kile kile cha vijidudu, joto la nyuzi 44 mpaka kesho yake. Vidoa vya njano vikiota kwenye kisahani chako, vina maana iwapo tu kisahani cha maji yaliyochemshwa hakijaota kitu. Nacho kikiota, uchafu umetoka mikononi mwa fundi, na kazi yote ni ya kumwaga. Halafu kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Maji yaliyotiwa klorini huchotwa kwa chupa iliyowekwa sodiamu thiosulfati kidogo, la sivyo klorini itaendelea kuua vijidudu njiani, na majibu yatasema maji ni safi wakati hakuna ajuaye yalikuwaje yalipochotwa.

Katika mkoa ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara kwenye kambi za wavuvi za Bukama na Malemba-Nkulu, hayo si madoido ya maabara. Lakini nimeanza nayo kwa sababu nyingine. Nataka kuwasifu wakemia wanaotafuta uhai kwenye sayari ya Mirihi, na sioni pa kuanzia pengine. Magazeti husifu roketi. Roketi ni ya wahandisi, wana haki yao. Sifa ya mkemia iko kwenye ile chupa ambayo ndani yake hakutarajia kupata kitu, na bado akaipima.

Gilbert Levin, Mmarekani aliyezaliwa 1924, hakuanza na nyota. Alikuwa mhandisi wa usafi wa maji, na katika miaka ya 1950 alichoka kusubiri siku kadhaa ili kujua kama maji yana vijidudu. Akabuni njia ya mkato: vijidudu vipewe chakula chenye kaboni 14, ile inayotoa mnururisho. Kama kuna kinachokula, kitatoa hewa, na hewa hiyo itakihesabisha kifaa muda si mrefu. Mbinu iliyozaliwa kwa ajili ya maji ya bomba ndiyo NASA ilikuja kuipeleka Mirihi. Chombo chake, Viking 1, kilitua huko tarehe 20 Julai 1976. Kabla ya kuondoka duniani chombo kizima kilikuwa kimeokwa kwenye joto la nyuzi 112 hivi kwa saa 30, kisije kikagundua vijidudu vilivyosafiri nacho kutoka Florida. Kilipofika kilichota udongo, kikaudondoshea chakula, na hewa ikatoka kwa wingi. Udongo mwingine wa pale pale ukachomwa kwanza kwa nyuzi 160 kwa saa 3, ukapewa chakula hicho hicho, na hewa karibu haikutoka kabisa. Kwa masharti waliyokuwa wamekubaliana kabla ya safari, hiyo ilikuwa dalili ya uhai.

Ndipo akaja Klaus Biemann, mkemia mzaliwa wa Innsbruck aliyekuwa akifundisha MIT. Mashine yake ilichoma udongo hadi nyuzi 500, ikatenganisha mvuke na kupima uzito wa molekuli zake moja moja. Alitafuta vitu vyenye kaboni ambavyo mwili wowote, hata wa kijidudu, lazima uwe navyo. Hakuviona. Alichoona ni klorometani na diklorometani kidogo sana, naye akazihesabu kuwa mabaki ya dawa zilizosafishia mashine. Pasipo mwili, nani amekula? Wataalamu wengi wakahitimisha kuwa hewa ya Levin ililetwa na kemikali kali za udongo wenyewe. Levin hakukubali mpaka alipofariki mwaka 2021.

Miaka 32 baada ya Viking, chombo cha Phoenix kilitua karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi, na mwaka 2008 kikakuta perklorati udongoni. Chumvi hii ina klorini na oksijeni nyingi. Kwenye baridi imetulia, ukiipasha moto huunguza kaboni iliyo karibu nayo. Mwaka 2010 Rafael Navarro-González, mkemia wa Mexico, akachukua udongo wa jangwa la Atacama, akauchanganya na perklorati na kuupasha moto. Ikatoka klorometani na diklorometani. Huenda basi tanuri la Viking lenyewe ndilo liliteketeza ushahidi, na kile kilichodhaniwa kuwa masalia ya dawa ya kusafishia kikawa ndiyo majivu yake. Biemann alibisha, kwa hoja nzito. Mimi nisomapo mabishano hayo namkumbuka fundi wa maji na thiosulfati yake: naye amefunzwa kwamba klorini ndani ya sampuli inaweza kumficha mtu anachokitafuta. Tofauti ni kwamba yeye aliijua klorini yake tangu mwanzo. Ya Mirihi hakuna aliyeijua.

Kwa maoni yangu Levin hakupata uhai. Alipata jibu la kweli kwa swali ambalo lilikuwa na majibu mawili. Lakini anayenivutia zaidi ni Biemann, hata kama itakuja kuthibitika kwamba alikosea. Alikuwa na kaboni mkononi, dunia nzima ikisubiri, naye akachagua kushuku kwanza dawa iliyooshea mashine yake mwenyewe. Jaribu kumpata mwanasiasa wa namna hiyo.

Desturi hiyo haikufa. Perseverance, gari lililotua Mirihi Februari 2021, lilibeba mirija 43 ya sampuli, na 5 kati yake haikukusudiwa kutiwa jiwe lolote. Ni mashahidi. Hufunguliwa kidogo pale pale kazi inapofanyika, ikavuta vumbi na mvuke wa gari lenyewe, kisha ikafungwa. Julai 2024 gari hilo lilitoboa mwamba uliopewa jina Cheyava Falls, wenye madoa yaliyozungushiwa kingo nyeusi. Makala iliyotoka kwenye jarida la Nature Septemba 2025 ilieleza madini mawili, vivianaiti na grigaiti, ambayo hapa duniani huweza kuletwa na vijidudu. Waandishi hawakusema wamepata uhai. Walisema huenda, wakaeleza pia njia ambazo madini hayo yangeweza kutokea pasipo chochote kilicho hai.

Tusidhani kwamba hayo yote ni ya mbali. Katanga yetu imekalia kazi ya vijidudu. Mchimbaji wa Kolwezi anaujua mwamba wa RSC, mgumu na wenye matundu matundu, ulio katikati ya tabaka za shaba. Ulijengwa na mikeka ya vijidudu kwenye bahari ya kina kifupi, muda mrefu kabla hapajawa na mnyama wala jani. Na ukipanda treni hapa Kamina kuelekea Ilebo utapita Mwene-Ditu, mlango wa kwenda Mbuji-Mayi, nchi ambayo wengi huijua kwa almasi. Huko kuna mashapo ya miaka takriban milioni 1,000, na ndani yake mmehifadhiwa viumbe vizima, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona.

Kuvitoa ni kazi ya kemia ya hatari. Jiwe huvunjwa, likawekwa kwenye asidi ya haidrokloriki, likachemka povu mpaka chokaa yote iishe. Kisha huja asidi ya haidrofloriki, inayokula mchanga. Hii haihifadhiwi kwenye chupa ya kioo, maana kioo nacho ni mchanga na itakila. Hutunzwa kwenye plastiki. Ikimdondokea mtu huenda asisikie maumivu mara moja, nayo inapenya ngozi ikitafuta kalisi hadi kwenye mfupa. Mwamba mzima ukishayeyuka, hubaki tope kidogo jeusi. Tope hilo huoshwa, huchujwa, huwekwa chini ya hadubini, na hapo huonekana vifuko vya duara, nyuzi zilizogawanyika vyumba vyumba, vingine na miiba.

Swali la fundi wa maji linarudi: utajuaje kwamba kifuko hicho si chavua ya juzi iliyodondoka kwenye sinia? Hupigwa leza, na mwanga unaorudi, kwa mbinu ya Raman, hueleza kaboni hiyo imewahi kupata joto kiasi gani ardhini. Kaboni ya zamani imepikwa pamoja na mwamba wake. Mgeni atakutwa mbichi.

Utafiti mkubwa wa visukuku hivyo ulitoka mwaka 2016 katika jarida la Precambrian Research, kutoka maabara ya Emmanuelle Javaux huko Liège, Ubelgiji, ambako historia ya uhai wa kale na utafutaji wa uhai kwenye sayari nyingine hufanywa chini ya dari moja. Jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi ni Blaise Baludikay, na hapa Kamina hakuna atakayeuliza jina kama hilo limetoka upande gani. Walitambua aina 49, zikiwemo 11 ambazo bila shaka ni za seli zenye kiini, kama zetu. Miamba hiyo ya Mbuji-Mayi, iliyotobolewa huko Kasai, imetunzwa Tervuren, Ubelgiji, kwenye jumba la makumbusho ambalo Mkongo akilitaja huwa anawaza vinyago na vigoda vya Kiluba. Vinyago tumevidai, na ni haki. Sijasikia mtu akiyadai mawe.

Wanafunzi wangu wa kemia na biolojia, wakishamaliza Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, baadhi yao hutaka kwenda Lubumbashi kusoma jiolojia. Huwaambia waulize mapema kama maabara watakayopewa ina kabati la kuvuta mvuke wa asidi, na wasikubali kuigusa haidrofloriki pasipo hilo, hata wakiambiwa kila mtu hufanya hivyo. Kama halipo, RSC inakatika kwa msumeno na kusuguliwa mpaka kipande kipitishe mwanga, kisha kinasomwa kwa hadubini ya kawaida. Kazi hiyo haihitaji asidi hata tone, na mawe yenyewe yamejaa kwenye vifusi vya migodi.