Ndege Iliyookolewa na Maji: Jinsi R ya Robert Ilivyohifadhiwa

Katika ndege 11,461 za aina ya Wellington zilizoundwa Uingereza, zilizobaki hata leo zikiwa na umbo la kuitwa ndege ni mbili tu, na katika hizo mbili ni moja peke yake iliyopata kuingia vitani. Nyingine zote ama ziliangushwa na adui, ama zilianguka zenyewe kwa hitilafu na tufani, ama, silaha zilipowekwa chini, zilikatwa vipande na kuyeyushwa ili madini yake yafae kwa mahitaji ya amani. Ile moja, yenye namba N2980 na herufi R ubavuni, ambayo watu wake walikuwa wakiiita R ya Robert, iliokoka kwa sababu ilizama. Nimekusudia kuichambua kazi iliyofanywa ili kuitoa majini na kuihifadhi, kwa kuwa naamini kwamba walioifanya waliamua vyema katika jambo ambalo wahifadhi wa zana za vita hulisahau kwa wepesi, nalo ni kwamba chombo huhifadhiwa kwa ajili ya watu waliokipanda.

Iliundwa katika kiwanda cha Vickers kilichokuwa Brooklands, karibu na Weybridge, ikaruka kwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba 1939, na tarehe 18 Desemba, ingali mpya, ilikuwa miongoni mwa ndege 24 zilizotumwa mchana kweupe kuzitafuta manowari za Kijerumani upande wa Wilhelmshaven. Mbili zilirejea njiani. Katika zile 22 zilizoendelea, 12 ziliangamia, na wakuu wa jeshi wakatambua, kwa gharama hiyo ya roho za watu, kwamba ndege nzito zisizosindikizwa haziwezi kujihami mchana, wakaanza kuzituma usiku. R, ambayo siku ile iliongozwa na Paul Harris, ilirudi. Iliendelea na mashambulio ya usiku hata ilipopelekwa Lossiemouth, kaskazini mwa Scotland, kufundishia wanafunzi, na huko ndiko ilikofikwa na siku yake. Tarehe 31 Desemba 1940, ikiwa na watu 8 ndani na dhoruba ya theluji nje, injini yake ya kulia ilizimika juu ya milima, na kiongozi wake, Marwood-Elton, akawaamuru wenziwe waruke. Sajini Fensome, mshika bunduki wa mkiani, aliruka na mwavuli wake haukumwokoa. Marwood-Elton na rubani msaidizi wake walibaki ndani, wakaliona ziwa la Loch Ness chini yao, wakaishusha ndege juu ya maji kwa ustadi uliowapa wasaa wa kuingia katika mashua ya mpira, nayo ikazama.

Ili mtu afahamu kwa nini chombo hicho kiliweza kunyanyuliwa baada ya miaka karibu 45, hana budi kwanza afahamu kilivyojengwa. Mhandisi Barnes Wallis, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshughulika na meli za anga, yaani yale maputo makubwa yaliyojazwa hewa nyepesi, hakuijenga Wellington kwa mataruma na mbao za ubavuni kama chombo cha bahari, wala kwa mabati mapana yanayobeba mzigo kama zilivyokuwa ndege nyingi za wakati wake. Aliisuka. Alichukua vijiti vyembamba vya duralumini, ambayo ni alumini iliyochanganywa na shaba ili ipate ugumu, akavikunja kufuata mviringo wa kiwiliwili, akavipitisha mshazari kulia na kushoto vikikatana, na kila vilipokatana akavifunga kwa ribiti, hata kiunzi kizima kikawa kama dema la mvuvi. Maana ya ufumaji huo si wepesi peke yake. Kijiti kinachokwenda upande mmoja kinapovutwa, kile kinachokikata husukumwa, na nguvu hizo mbili huzuiana pale pale kwenye ribiti. Basi kijiti kimoja kikikatwa na risasi, mzigo wake huhamia kwa jirani zake bila ya mwili mzima kulegea. Juu ya kiunzi hicho paliwekwa fito za mbao, na juu ya fito kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza.

Wanahewa wengi walirudi makwao salama wakiwa ndani ya Wellington zilizopoteza sehemu kubwa za mbavu zao, kwa sababu ya hesabu hiyo hiyo ambayo baadaye iliwasaidia wazamiaji: mwili unaogawana mzigo kwa vijiti vingi huweza kustahimili hata sehemu yake moja ikiwa imeoza. Kitani kilipoharibika majini, kilichosalia kilikuwa ni kiunzi kilicho wazi, ambacho, kikiwa chini, maji na tope hupenya na kutoka bila kukilemea.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Loch Ness ni ziwa la maji matamu, lenye giza na baridi isiyobadilika sana chini, na ndege ilikuwa imelala katika kina cha mita 70 hivi. Laiti ingalizama baharini, khatima yake ingalikuwa nyingine, kwa maana alumini inapogusana na chuma ndani ya maji ya chumvi, chumvi hupitisha umeme mdogo baina ya madini hayo mawili, na lililo dhaifu huliwa kidogo kidogo hata likawa unga. Katika maji matamu na ya baridi umeme huo hufifia na ulaji wake hupungua mno. Athari za kuzama zilikuwepo, wala si haba, lakini zilikuwa ni athari za kutengenezeka. Na jambo ambalo limekuwa likisimuliwa tangu ndege ilipotolewa majini ni kwamba taa za mkiani, zilipounganishwa na betri mpya, ziliwaka.

Hapa nakumbuka ndege zilizopaa kutoka kisiwa chetu cha Mafia mwaka 1915 kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha katika midomo ya Rufiji. Zile zilikuwa za mbao, kitambaa na gundi, na joto na unyevu wa pwani vilizidhoofisha kabla hata ya risasi kuzifikia. Tarehe 11 Julai rubani Cull na mwenziwe Arnold, ndege yao ikiwa imekwisha kupigwa na inashuka, waliendelea kupeleka kwa simu ya upepo habari za kuirekebisha mizinga ya meli zao mpaka wakaangukia mtoni, wakaokolewa. Chombo cha namna ile hakiwezi kusubiri miaka 45 mahali palipo na jua kama letu na maji kama yetu. Kumbukumbu ya Cull na Arnold imebebwa na taarifa zilizoandikwa, ilhali kusalia kwa R ya Robert ni bahati ya madini yake na bahati ya mahali ilipoangukia.

Iligunduliwa mwaka 1976 na Wamarekani waliokuwa wakilichunguza ziwa kwa chombo kinachopeleka sauti chini ya maji na kuchora picha ya kila kinachoirudisha. Haikutambulikana mara moja kuwa ni Wellington. Ilidhaniwa kwanza kuwa ni ndege ya aina nyingine, mpaka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Heriot-Watt, akiwamo Robin Holmes, waliposhusha kamera na kuitazama kwa utulivu. Holmes na wenziwe wakaunda chama cha kuiokoa, wakapata msaada wa fedha za mfuko wa taifa wa kumbukumbu za urithi, na mwezi wa Septemba 1985 kazi ya kunyanyua ikaanza.

Ugumu wa kunyanyua haukuwa katika uzito. Ndege iliyo majini hubebwa na maji yenyewe, na mashine za kuivuta zilikuwepo. Taabu ni ile dakika inapotokeza juu, ambapo maji hayasaidii tena ilhali mwili ungali umejaa maji na tope, na mzigo uliokuwa umeenea huangukia pale tu ilipofungwa kamba. Ndiyo sababu palitengenezwa kiunzi cha chuma cha kuizunguka na kugawa mvuto huo. Kiunzi cha kwanza kilipinda kabla kazi haijatimia. Wakuu wa kazi hawakufanya pupa. Waliisimamisha, wakaimarisha vifaa vyao, wakarudia, na tarehe 21 Septemba mabawa ya R yalitoka katika maji. Uamuzi ule wa kusimama naupa daraja ya juu kuliko kunyanyua kwenyewe, maana waandishi wa habari walikuwa ufukweni wakingoja, na fedha zilikuwa zikipungua kila siku inayopita.

Kisha ikarudishwa Brooklands, mahali ilipozaliwa, ambapo watu wa kujitolea, baadhi yao wakiwa ni mafundi wa zamani wa Vickers waliokuwa na elimu ya kusuka vijiti hivyo mikononi mwao, waliisafisha na kuiunga kwa miaka mingi. Nao walikabiliwa na swali ambalo kila mhifadhi hukabiliwa nalo: je, ndege irudishwe upya, au iachwe na majeraha yake? Wako waliochagua njia ya kwanza, na matunda yake si ya kudharauliwa. Ndege ya Lancaster yenye namba PA474, inayorushwa na kikosi cha kumbukumbu cha jeshi la anga la Uingereza, huwafikishia watu mngurumo wa injini nne ambao hakuna kitabu kiwezacho kuueleza. Lakini ndege irukayo haina budi itii sheria za kuruka, na sehemu iliyochoka hutolewa ikawekwa mpya, hata mhimili wa mabawa yake ulibadilishwa katika miaka ya 1995 na 1996. Wala PA474 yenyewe haikupata kwenda vitani.

Brooklands walichagua njia ya pili. Palipokosekana kijiti walitia kingine, ili umbo lisimame, lakini sehemu kubwa ya mwili waliiacha bila ya kitani, na kwa hiyo anayeizunguka leo huona ufumaji wote wa Wallis, huona palipopinda na palipoliwa, na akiingiza macho mkiani huona jinsi kilivyokuwa chembamba kile kibanda ambamo mtu mmoja alikaa peke yake saa nyingi za usiku, mbali na wenziwe. Kitani kingeliyafunika hayo yote kwa rangi nzuri. Mimi nasema waziwazi kwamba katika kuwakumbuka watu, naipendelea ndege hii isiyoruka.

Hata hivyo madini hayasemi majina. Aliyeyasema ni karani wa kikosi. Kila kikosi cha jeshi la anga kilikuwa na daftari la shughuli, ambamo kwa kila safari ziliandikwa namba ya ndege, majina ya waliokuwamo, saa ya kupaa na saa ya kutua. Na pale saa ya kutua isipoandikwa, palipigwa mstari au pakaandikwa neno la kukosekana. Madaftari hayo yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kew. Namba N2980 ndiyo iliyoifungua safari ya 18 Desemba 1939 na nyingine zote, na bila ya karatasi hizo Brooklands wangalikuwa na mfano mzuri wa uhandisi na si zaidi. Watu 55,573 wa kikosi cha mabomu cha Uingereza walikufa katika vita vile, na walio wengi hawakuacha chombo cho chote cha kuonyeshwa. Kwao daftari ndilo lililobaki.

Mwaka mmoja baada ya R kutolewa, yaani mwaka 1986, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuyalinda mabaki ya kijeshi, ambayo kwayo kila ndege ya kivita iliyoanguka katika nchi hiyo haiguswi ila kwa idhini ya serikali, na kwa kawaida idhini haitolewi ikiwa yamkini mwili wa binadamu ungalimo. Ndani ya R hapakuwa na mtu: watano waliruka wakaishi, wawili walifika ufukweni, na Fensome hakuwa ziwani. Kwa hiyo, hata kwa kipimo cha sheria iliyokuja baadaye, lile lililofanywa Loch Ness lingaliweza kupewa idhini.