Kususia Kikao na Kubaki na Bendera

Uamuzi mbaya zaidi wa ODM katika miaka mitano ya serikali ya muungano, ile ya nusu mkate, haukuwa kuingia serikalini mwaka 2008, wala kubaki humo hadi 2013. Ulikuwa ule wa Februari 2010, chama kilipotangaza kwamba mawaziri wake watasusia vikao vya Baraza la Mawaziri, kisha mawaziri haohao wakaendelea kwenda ofisini, kutia saini barua za wizara na kurejea nyumbani ndani ya magari yenye bendera. Nimeusikia ukitetewa mara nyingi, na baadhi ya watetezi wake ni watu ninaowaheshimu. Bado nasema lilikuwa kosa, tena kosa la kiufundi. Chama kilikuwa na njia mbili halali mkononi. Kiliziacha zote mbili kikashika ya tatu, ambayo haikumgharimu yeyote kitu na kwa hiyo haikumtikisa yeyote.

Mfuatano wa siku zile mnaukumbuka. Jumamosi, Februari 13, Rais Mwai Kibaki aliagiza maofisa wakuu kadhaa wakae kando kwa miezi mitatu, wapishe uchunguzi wa sakata ya mahindi na wa fedha za elimu ya msingi bila malipo. Miongoni mwao walikuwamo maofisa wa ofisi ya Waziri Mkuu. Jumapili, Waziri Mkuu Raila Odinga, kiongozi wa ODM, akawasimamisha kazi mawaziri wawili, William Ruto wa Kilimo na Sam Ongeri wa Elimu, nao kwa miezi mitatu. Kabla siku haijaisha Kibaki akaitangua hatua hiyo, akisema Waziri Mkuu hana mamlaka hayo na hakushauriana naye. Raila akasafiri kwenda Japani kwa ziara ya kikazi. Huku nyuma chama kikatangaza kwamba kuna mgogoro rasmi, kikaomba Kofi Annan, msuluhishi wa 2008, na Umoja wa Afrika waingilie kati, na kikasema mawaziri wake hawataketi Barazani mpaka jambo hilo litatuliwe.

Hatua ya Raila dhidi ya Ruto ilitegemea ukaguzi wa nje uliofanywa kuhusu mahindi. Ulikuwa kazi safi, na alifanya vyema kuutegemea.

Lakini tazameni alichokifanya nao. Sheria ya Maafikiano ya Kitaifa ya 2008 ilimpa Waziri Mkuu mamlaka ya kuratibu na kusimamia utekelezaji wa shughuli za serikali, zikiwemo za wizara. ODM ilijenga hoja yake yote hapo: anayesimamia wizara anaweza pia kumweka kando waziri wake. Ni hoja ambayo mawakili wangeweza kuibishania mwaka mzima. Wakati huohuo, sheria ileile ilikuwa na kifungu kilicho wazi zaidi. Waziri aliyependekezwa na chama mshirika hangeweza kuondolewa bila mashauriano na kibali cha maandishi cha uongozi wa chama chake. Kifungu hicho kiliandikwa kuilinda ODM dhidi ya Kibaki. Kwa Ruto, mwenye kibali alikuwa Raila mwenyewe.

Kwa hiyo barua moja ingetosha. Waziri Mkuu angemwandikia Rais kwamba amesoma ripoti ya ukaguzi, kwamba chama kimeondoa imani kwa waziri wake wa Kilimo, na kwamba kibali kinachotakiwa na sheria ni hiki hapa. Angeitoa hadharani asubuhi. Kuanzia hapo mzigo ungehamia Ikulu, na Kibaki angelazimika ama kumwondoa waziri wa ODM kwa ombi la ODM, ama kumkingia kifua kwa maandishi mbele ya nchi iliyokuwa bado inapanga foleni za unga wa msaada. Raila badala yake aliita wanahabari. Nimelalamika kuhusu tabia hii tangu enzi za Narc na sitaacha: wanasiasa wetu wanaamini kwamba jambo likishasemwa mbele ya kamera limekwisha kutendeka.

Najua kwa nini Ongeri aliongezwa. Raila na Ruto walikuwa wamekwisha kukosana, kwa suala la msitu wa Mau na kwa suala la Hague, na kumgusa Ruto peke yake kungesomwa Bonde la Ufa kama kisasi. Waziri wa upande wa PNU, chama cha Kibaki, aliwekwa ili mizani isimame. Hesabu hiyo ya kisiasa ndiyo iliyoua hesabu ya kisheria, kwa maana juu ya Ongeri Raila hakuwa na kibali cha kutoa wala cha kunyima. Alipowaunganisha wawili hao katika tangazo moja, alimpa Kibaki nafasi ya kuwatetea wote wawili kwa sentensi moja bila kulazimika kusema lolote kuhusu mahindi.

Na kisasi kilidhaniwa kwa sababu chama kilikuwa kimechelewa mwaka mzima. Januari 2009 Kibaki alitangaza njaa kuwa janga la kitaifa. Watu milioni 10 walikuwa hatarini. Mahindi ya Bodi ya Nafaka yalikuwa yamegawiwa kwa vibali, na baadhi ya vibali vilifika kwa watu wasiomiliki hata kinu, wakaviuza kwa wenye vinu, huku bei ya pakiti ya unga ikipanda madukani. Februari mwaka huo mbunge Bonny Khalwale alileta bungeni hoja ya kutokuwa na imani na Ruto, ambaye alikana kosa lolote. Hoja ilianguka vibaya, na wabunge wa ODM walikuwa mstari wa mbele kuiangusha. Wakati ule mtu wao alikuwa bado mtu wao. Chama kilichomlinda waziri njaa ikiwa kileleni kisha kikamgeukia mwaka mmoja baadaye, urafiki ulipokwisha, hakikuwa na haki ya kushangaa kwamba wengi hawakuamini nia yake.

Sasa kususia kwenyewe.

Baraza la Mawaziri ndilo chumba pekee ambamo ODM na PNU zilikuwa na viti sawa. Bungeni ODM ilikuwa kubwa, ikiwa imechaguliwa na viti 99 mwaka 2007 dhidi ya 43 vya PNU. Ikulu ilikuwa ndogo, na kila mtu alijua. Katika Baraza pande hizo zilikutana nusu kwa nusu, na humo ndimo waziri angeweza kudai ripoti ya ukaguzi isomwe, jibu la mwenzake liandikwe katika kumbukumbu, na kila aliyekubali au kukataa ajulikane. Hakuna mahali pengine serikalini ambapo sakata ile ingeweza kubanwa na mshirika mdogo. Humo ndimo ODM ilimotoka.

Ubaya zaidi ni kanuni ya uwajibikaji wa pamoja. Waziri ambaye hajajiuzulu anafungwa na uamuzi wa Baraza, awe alihudhuria au hakuhudhuria. Kwa kususia, mawaziri wa ODM waliacha chumba bila mpinzani na bado wakabaki na lawama ya kila kitakachoamuliwa humo. Aliyejiuzulu anapata ulimi huru. Aliyebaki anapata sikio la Baraza. Wao walibaki bila kimojawapo, na mwananchi aliyewatazama barabarani aliona bendera ileile kwenye boneti ya gari na hakuweza kujua kwamba kuna mgomo.

Kibaki aliusoma mgomo huo kwa usahihi kuliko waliouanzisha. Hakuujibu. Alisubiri, kama alivyosubiri katika kila mvutano wa maisha yake ya siasa, kwa sababu mgomo usio na tarehe ya mwisho unamchosha anayegoma. Annan aliwahimiza wakutane, wakakutana, na vikao vikaendelea. Ruto na Ongeri hawakukosa hata siku moja kuwa mawaziri. Aprili Ruto alibadilishana wizara na Sally Kosgei, akaenda Elimu ya Juu, akiwa na cheo kilekile.

Mlango wa kutokea ulikuwepo, tena uliandikwa. Sheria ile ilitaja namna tatu za muungano kufa: Bunge la Kumi kuvunjwa, washirika kukubaliana kwa maandishi, au mshirika mmoja kujitoa kwa azimio la chombo cha juu kabisa cha chama chake. Hiyo ya tatu ndiyo silaha ambayo mshirika mdogo popote duniani angeitamani. ODM haikuwaita wajumbe wake kuupigia kura mlango huo. Haikutangaza hata tarehe ya kuwaita. Tishio la kutoka lina uzito pale tu upande wa pili unapojua siku, mahali na idadi ya kura.

Watetezi wa chama wana hoja moja nzito, nami sipendi kuipita haraka. Februari hiyo Kamati ya Wataalamu ilikuwa inarekebisha rasimu ya katiba baada ya wabunge kuipitia Naivasha. Nchi ilikuwa imezika zaidi ya watu 1,100 waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi miaka miwili nyuma. Kuvunja muungano wiki ile kungeweza kuizika katiba pamoja na amani. Nakubali. Ningekuwa mjumbe wa chama ningepiga kura ya kubaki. Lakini hiyo ni hoja dhidi ya kutoka. Haitetei kususia hata kidogo. Kama kazi ya katiba ilihitaji utulivu serikalini, basi viti vya Baraza vilipaswa kukaliwa. Tena kazi yenyewe ilikuwa bungeni, ambako marekebisho yoyote ya rasimu yalihitaji kura 145, na Aprili 1 hakuna hata moja lililozifikisha. Nguvu ya ODM katika katiba ilitoka kwa wabunge wake, na wabunge hao wangebaki na kura zao muungano uwepo usiwepo.

Kuna jambo jingine linalonikera. Mwaka mmoja kabla, wakati wa mvutano uliovunja mkutano wa washirika wa muungano kule Kilaguni, malalamiko ya ODM yaliyosikika zaidi yalikuwa ya zulia na choo cha Waziri Mkuu. Heshima ya kiti ni jambo halali. Lakini chama kilichotumia sauti yake kubwa kwa itifaki kilikuja kukosa sauti ilipofika zamu ya mahindi.

Linganisheni na waliojua kutoka. Siku za Kilaguni, Aprili 2009, Martha Karua aliachia Wizara ya Haki katika serikali hiihii kwa sababu majaji waliteuliwa bila yeye kuhusishwa. Alitoka na gari likabaki. Kenneth Matiba alijiuzulu Desemba 1988, wakati ambao kumwacha Rais Moi kulikuwa jambo la kuhatarisha maisha, kwa kupinga wizi wa kura katika uchaguzi wa KANU. Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais Aprili 1966 na kuingia chama cha upinzani cha KPU, akijua Bunge litabadilisha sheria ili waliomfuata warudi kwa wapigakura, kama lilivyofanya haraka. Alilipa kwa kizuizi, na chama chake kilipigwa marufuku mwaka 1969.

Ninayemweka juu yao wote kwa ufundi ni Masinde Muliro. Mwaka 1975, ripoti ya kamati teule kuhusu mauaji ya mbunge J. M. Kariuki ilipofika bungeni, Muliro alikuwa waziri. Hakususia kikao wala hakuita wanahabari. Aliingia ukumbini, akapiga kura ya kuikubali ripoti ambayo serikali yake haikuitaka, na akafukuzwa kazi pamoja na mawaziri wasaidizi Peter Kibisu na John Keen waliopiga kura kama yeye. Aliilazimisha Ikulu ifanye kitendo, na kitendo hicho ndicho kilichoandikwa dhidi yake katika historia. ODM ilikuwa na mawaziri wapatao 20 na hakuna hata mmoja aliyemlazimisha Kibaki kumfukuza.

Sehemu ya lawama ni ya utamaduni tuliouzoea wa kukaa kando. Katika sakata ya Anglo Leasing, mawaziri David Mwiraria, Kiraitu Murungi na George Saitoti waliondoka Februari 2006, na wote wakarudi Barazani kabla ya uchaguzi uliofuata. Amos Kimunya aliondoka Julai 2008 kwa sakata ya hoteli ya Grand Regency, na Januari 2009 alikuwa waziri tena. Hata Raila, alipotaka kuonyesha ukali, aliomba miezi mitatu tu. Hukumu ya miezi mitatu inamwambia mtuhumiwa asifungashe vitabu vyake.

Nayarudia haya leo kwa sababu ODM imo tena serikalini, safari hii chini ya Ruto yuleyule, sasa akiwa Rais, kwa makubaliano ambayo Raila alitia saini naye KICC Machi 7, 2025, na tangu Raila afariki Oktoba mwaka huo ubishi wa kubaki au kutoka umezidi makali. Wanaobishana wataje tofauti moja kabla ya kuendelea. Makubaliano ya KICC si sheria ya Bunge, na chini ya katiba ya 2010 Rais anaweza kumfuta waziri bila kibali cha kiongozi wa chama chochote. Kinga ya 2008 haipo, na mlango wa azimio la chama ulioandikwa kisheria haupo. Aliye na bendera leo anayo kwa hiari ya mtu mmoja. Kwa hiyo wanaotaka kutoka watangaze kikao cha wajumbe na tarehe yake, na wanaotaka kubaki waseme ni ripoti gani wataipeleka Barazani na nani ataisoma.