Tasfida Isiyovuka Mpaka: Maneno ya Wazi katika Muziki wa Rapu, Arua na Koboko

Lawama zinazoelekezwa kwa muziki wa rapu katika Nile Magharibi, kama kwingineko Afrika Mashariki, huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni ya viongozi wa dini na wazazi: kwamba vijana wamepotoka, na maneno machafu ni dalili ya upotofu huo. Ya pili ni ya wasomi: kwamba vijana wanaiga Wamarekani. Zote mbili zina chembe ya ukweli, na zote mbili huliacha swali lenyewe bila kuguswa. Kijana anayerekodi tusi la nguoni katika studio ndogo ya Arua ndiye huyohuyo anayeshusha sauti mbele ya mama mkwe na kuchagua maneno anapozungumza na shangazi yake. Adabu ya lugha anayo. Linalohitaji kuelezwa ni kwa nini adabu hiyo huishia mlangoni mwa studio.

Hoja inayotetewa katika makala hii ni ya kiisimujamii kabla ya kuwa ya kimaadili. Tasfida na fumbo huhitaji hadhira inayoshiriki lugha moja na kumbukumbu moja. Hadhira ya aina hiyo isipokuwepo, fumbo hufia njiani, na neno la wazi ndilo linalosafiri.

Hoja ya uigaji haiwezi kupuuzwa. Albamu ya kwanza ya kundi la N.W.A. ilipovuma kuanzia mwaka 1988, maneno makali yalikwisha kuwa alama ya biashara ya rapu huko Marekani. Mnamo Juni 1990 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Florida aliamua kuwa albamu moja ya 2 Live Crew ilikuwa chafu kisheria. Oktoba mwaka huohuo baraza la wazee wa mahakama liliwaachia huru wanakundi walioshtakiwa kwa onyesho lao, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi wa jaji yule. Mhakiki Henry Louis Gates alitoa ushahidi upande wa utetezi, akieleza kwamba matusi yale yalikuwa na ukoo katika mashindano ya maneno ya Wamarekani Weusi, ambamo kutia chumvi ni sehemu ya mchezo. Mwaka huohuo wa 1990 kampuni za kurekodi zilikubaliana juu ya lebo moja ya kuwaonya wazazi. Lebo ile ilikusudiwa kuwa onyo. Kwa wanunuzi vijana ikawa tangazo.

Kilichofika Arua, hata hivyo, ni maneno bila ugomvi uliyoyazaa. Msikilizaji wa Nile Magharibi hakurithi mashindano ya vijiwe vya Philadelphia wala kesi ya Florida. Alipokea mtindo, na mtindo hauwezi peke yake kudumu miaka zaidi ya 30 katika mji wa mbali kama haukukuta kazi ya kufanya pale.

Ulinganisho na pwani unasaidia kuiona kazi hiyo. Mhakiki wa Kiswahili anaposikia rapu ya matusi, kipimo chake cha kimyakimya mara nyingi ni taarabu. Katika miaka ya 1990, Dar es Salaam ilishuhudia ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano, Khadija Kopa akiwa upande mmoja na Nasma Khamis upande wa pili. Mipasho yao iliuma, na wakati mwingine iligusa mwili na kitanda kwa ukaribu ambao haukumwachia msikilizaji shaka. Lakini ilipita katika jina la samaki, la chombo cha jikoni, la ndege. Ukumbi mzima ulimjua anayesemwa na ukaijua lugha anayosemewa. Fumbo lilikuwa mkataba: mwimbaji anaficha, hadhira inafichua, na raha iko katika kufichua. Ni rahisi kusahau jinsi mkataba huo unavyohitaji mtaji mkubwa. Unahitaji watu waliokua na methali zilezile.

Arua na Koboko hazina mtaji huo kwa Kiswahili, na sababu zake ni za kihistoria. Jeshi la kikoloni, King's African Rifles, liliandikisha kwa wingi vijana wa Nile Magharibi, na Kiswahili chake kilikuwa cha gwaride na amri. Idi Amin, ambaye asili yake inahusishwa na Koboko, alitwaa madaraka mwaka 1971 na mwaka 1973 akakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa Waganda wengi wa kusini lugha hiyo ikabaki sauti ya kizuizi cha barabarani. Amin alipoangushwa mwaka 1979, kisasi kilielekezwa Nile Magharibi. Mauaji ya raia katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, tarehe 24 Juni 1981, ni sehemu moja tu ya maafa yaliyowafukuza mamia ya maelfu ya watu kuingia Zaire na Sudan. Waliporudi baadaye katika muongo huo walirudi na Kilingala, na Kiarabu cha Juba, na Kiswahili cha Ituri. Juu ya hayo walikuwa na Kilugbara, Kikakwa au Kinubi cha nyumbani, na Kiingereza cha shule. Wakakwa wenyewe wamegawanywa na mipaka ya nchi tatu. Soko la Ariwara liko Kongo lakini wateja wake wengi ni wa Arua. Barabara ya Koboko kupitia Oraba huishia Kaya, Sudan Kusini.

Hii ndiyo hadhira ya mwanarapu wa Nile Magharibi. Akificha ujumbe katika methali ya Kilugbara, dereva wa lori kutoka Kaya ataisikia kama kelele. Akitumia jazanda ya Kiswahili cha Mombasa, hata jirani yake haipati. Kilichobaki ni hazina ndogo ya maneno yanayojulikana na wote, na kila aliyewahi kujifunza lugha sokoni anajua hazina hiyo inajengwa na nini: salamu, hesabu, vyakula, matusi. Mtu hujua kutukana kwa lugha ngeni muda mrefu kabla hajajua kubembeleza kwayo. Neno la wazi ni fupi, lina mdundo na halihitaji mkalimani. Kwa sanaa inayoishi kwa vina na kwa pigo, hiyo ni neema ya kiufundi, hata kama ni balaa ya kimaadili.

Upo upande wa pili wa jambo hilo. Jean-Marc Dewaele, katika uchunguzi wake wa mwaka 2004 uliohusisha zaidi ya watu 1,000 wenye lugha nyingi, alionyesha kwamba matusi huwa na uzito mkubwa zaidi wa kihisia katika lugha ya kwanza, na hupungua uzito katika lugha zilizojifunzwa baadaye. Matokeo hayo yanaangaza tabia ya rapu ya mipakani, yaani kubadili lugha pale neno zito linapokaribia. Mwanarapu anayetaja kiungo cha mwili kwa Kiingereza au kwa Kiswahili ananunua ujasiri kwa bei nafuu. Kinywani mwake neno hilo halina mama wala shangazi. Kubadili lugha kunakuwa tasfida ya namna yake. Badala ya kulifunika neno kwa sitiari, anahamia lugha ambayo haimwaibishi. Wahakiki wanaohesabu maneno machafu bila kuuliza yamesemwa kwa lugha ipi wanapoteza nusu ya ushahidi.

Isidhaniwe kwamba lugha za nyumbani zilikuwa safi kama maji ya mtungi. E. E. Evans-Pritchard aliandika mwaka 1929 kuhusu matumizi ya pamoja ya lugha ya aibu katika Afrika, akionyesha kwamba nyimbo zilizokatazwa siku za kawaida ziliruhusiwa, hata kutarajiwa, katika matambiko na kazi za pamoja. John Middleton, aliyeishi miongoni mwa Walugbara kati ya mwaka 1949 na 1952, alizieleza ngoma za msiba kuwa wakati ambapo mienendo isiyovumiliwa kwa kawaida hupata nafasi. Neno chafu, kwa hiyo, lilikuwa na mahali pake na saa yake. Ngoma ikiisha, nalo liliisha, na aliyelisema jana hakuulizwa leo.

Hapo ndipo rapu inapotofautiana na mila, na ni tofauti nzito kuliko ile ya maneno yenyewe. Wimbo ukishapakiwa kwenye kadi ya simu kibandani hauna uwanja wala siku. Unapigwa kwenye bodaboda, saluni na gari la abiria, mbele ya baba na bintiye waliokaa kiti kimoja. Redio bado ina mhariri: Radio Pacis, iliyoanzishwa na Jimbo Katoliki la Arua mwaka 2004, ina uwezo wa kuchagua nini kipite na saa ngapi. Kibanda hakina mhariri, na msanii anayejua kwamba nyimbo zake zitaenea kwa kadi zaidi ya mawimbi ya redio hana sababu ya kurekodi toleo la pili lililosafishwa.

Nadharia ya neno jepesi, hata hivyo, isigeuzwe kuwa kinga. Neno lililo jepesi kwa msemaji si lazima liwe jepesi kwa msikilizaji. Kiswahili ambacho kwa kijana wa Arua ni vazi la kuazima ni lugha ya kulelewa kwa mfanyabiashara wa vitenge aliyekulia Bunia, na anapolisikia tusi lile sokoni linampata kwa uzito wake wote. Mara nyingi linampata kama mwanamke, maana sehemu kubwa ya lugha ya wazi katika rapu, hapa na kwingineko, huusema mwili wa kike na kumwacha mwenye madaraka apite salama. Kuna rapu inayovunja mwiko ili kumtaja mla rushwa, na kuna inayovunja mwiko ili kumdunisha binti wa jirani. Mhakiki anayetetea zote mbili kwa jina la uhuru wa sanaa anafanya uvivu uleule wa anayezilaani zote kwa jina la maadili.

Sheria haijaweza kuitenganisha mikono hiyo miwili. Sheria ya Uganda ya Kupambana na Ponografia ilipoanza kutumika mwaka 2014, aliyekamatwa na kuwekwa mahabusu kwa ajili ya video ya muziki alikuwa mwimbaji wa kike, Jemimah Kansiime. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu muhimu vya sheria hiyo. Kanuni zilizoandaliwa mwaka 2019 na wizara inayosimamia utamaduni zililenga kuwataka wasanii wawasilishe maneno ya nyimbo ili yakaguliwe kabla ya kutolewa. Mtu na ajiulize ubeti wenye mwili wa Kilugbara, tusi la Kiswahili na kiitikio cha Kilingala ungekaguliwa kwa sikio la nani, karibu kilomita 500 kutoka ulikoimbwa.

Swali hilo limepata uzito tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipokubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nchini na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Mtoto wa Koboko haingii darasani akiwa mtupu. Anacho Kiswahili tayari, kile cha barabarani, cha jeshi na cha rapu, na matusi ni sehemu yake iliyokomaa kuliko nyingine. Mtaala unaoanza kwa kukiita hicho najisi utamfundisha mtoto kwamba Kiswahili cha shule ni lugha ya tatu tofauti. Mtaala unaomfundisha tasfida, kijembe na mafumbo mapema, darasani na kwa midundo anayoipenda, utampa kile ambacho historia ya eneo lake haikumpa: njia ya kusema jambo zito kwa Kiswahili bila kulivua nguo. Kazi hiyo inahitaji vitabu vyenye mifano ya majibizano na majigambo, kwani ngano za sungura pekee hazitoshi, na walimu wanaokijua Kiswahili cha Ituri pamoja na kile cha Unguja. Kuhusu ukaguzi, kamati ya wilaya yenye mzee wa Kikakwa, mtangazaji wa redio, mwanarapu na mfanyabiashara mwanamke wa upande wa Kongo ingesikia katika ubeti mmoja mambo ambayo orodha ya maneno yaliyokatazwa haiwezi kuyasikia, ikianza na lile la msingi, yaani nani anatukanwa na kwa lugha ya nani.