Rangi mpya, freni za zamani

Banduku, zile video za kufufua motokari za sport za zamani, huku Kolwezi tunazitazama sana. Ni nzuri, lakini zina kosa moja: rangi na janti zinakula muda wote, freni zinapewa sekunde chache tu.

Tukumbuke Datsun 240Z. Ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na Edgar Herrmann, tena 1973 na Shekhar Mehta. Ni gari ya mbio, ndiyo, lakini kwenye vumbi, matope na mashimo ilibidi ivumilie kwanza.

Kazi yenyewe haionyeshwi. Mafuta ya freni yakizeeka hunyonya unyevu. Yakipata moto mkali yanachemka, na pedali inazama bure. Mipira yake huvimba kwa ndani, jicho halioni. Amotisa hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia. Na ukikata resori ili gari ikae chini, mashimo yetu yatakulipisha.

Kwenye njia ya Likasi, nyuma ya kamio la shaba, hakuna anayeuliza rangi. Video inayoruka kazi hiyo haijatufundisha kufufua gari. Sisi tuliosoma tuulize kwanza: je, inasimama?