Uhakiki wa Usimamizi wa Umiliki na Ruhusa za Faili katika Maktaba ya tarfile ya Python

Kifurushi cha tar hubeba zaidi ya maudhui ya faili. Kichwa cha kila faili, chenye baiti 512, huhifadhi pia namba ya mmiliki, namba ya kikundi, majina yao, na ruhusa za kusoma, kuandika na kutekeleza. Maelezo hayo yana maana kamili katika kompyuta yalikotoka tu. Kwingineko, namba 1000 inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Uhakiki huu unachunguza namna maktaba ya tarfile, iliyomo katika lugha ya programu ya Python, inavyolishughulikia tatizo hilo. Unadai kwamba ulinzi ulioongezwa katika matoleo ya karibuni umeziba hatari moja na kuacha wazi nyingine isiyoonekana kwa urahisi.

Awali, maktaba hiyo iliyachukua maelezo ya kichwa kama amri. Programu ilipoendeshwa na root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, jina la mmiliki lilitafutwa kwanza katika mfumo. Lilipokosekana, namba ilitumika. Tangu toleo la 3.5, kigezo cha numeric_owner humwezesha mwandishi wa programu kuagiza namba pekee zitumike. Kwa mtumiaji wa kawaida, kila faili iliyotolewa ilikuwa yake, bila onyo. Udhaifu wa utaratibu huo ni kwamba mtengenezaji wa kifurushi aliweza kuipa faili alama ya setuid, inayoifanya itekelezwe kwa mamlaka ya mmiliki wake, na hata kuiandika nje ya saraka iliyokusudiwa. Hitilafu hii ya pili ilisajiliwa kama CVE-2007-4559, na kwa miaka mingi jibu lake lilikuwa onyo katika nyaraka tu.

Pendekezo la PEP 706, lililoingizwa katika toleo la 3.12 mwaka 2023, lilileta vichujio vitatu: fully_trusted, tar na data. Katika toleo la 3.14 la mwaka 2025, data ndicho chaguo-msingi. Kichujio hiki huondoa setuid, huondoa ruhusa ya kuandika kwa kikundi na kwa watu wengine, hukataa faili za vifaa, na hupuuza umiliki wote. Ubora wake ni dhahiri: kifurushi cha mgeni hakijitwalii tena mamlaka katika kompyuta ya mwenyeji.

Hata hivyo, data hupuuza pia ruhusa za saraka. Chukulia saraka yenye ruhusa 0700 iliyo na faili za 0644. Faili hizo zilikuwa za siri kwa sababu saraka ilifungwa kwa wengine. Zikitolewa kwa data katika mfumo wenye umask ya 022, saraka hupata 0755, na yeyote anayeweza kuifikia ataweza kuzisoma. Hakuna kosa linaloripotiwa. Vivyo hivyo, msimamizi anayerejesha nakala rudufu ya seva kwa akaunti ya root bila kutaja kichujio atakuta faili za watumiaji wote zimekuwa za root.

Inaweza kujibiwa kwamba chaguo-msingi lazima liwalinde wengi wanaofungua vifurushi wasivyovijua asili yake, na kwamba anayerejesha nakala rudufu ana vichujio vingine. Hoja hiyo ina uzito kuhusu umiliki, lakini haitoshelezi kuhusu saraka. Ingetosha kuhakikisha kwamba mmiliki anaweza kuingia, kisha vizuizi dhidi ya wengine vikaachwa jinsi vilivyo. Kichujio cha usalama kinapaswa kubana ruhusa, si kuzilegeza.

Kiini cha udhaifu huu ni kutotenganisha ushahidi na amri. Maelezo ya kichwa ni ushahidi kuhusu kompyuta ya asili. Yanaweza kukataliwa kama amri bila kutupwa. Maktaba yenyewe inatoa nyenzo za kufanya hivyo, kwa kuwa sehemu za TarInfo husomeka kabla ya faili kutolewa, na kichujio cha mwandishi mwenyewe hukubaliwa. Kwa hiyo, programu ya kurejesha nakala rudufu inapaswa kutaja kichujio waziwazi, kulinganisha wamiliki wa zamani na wa sasa, na kuifunga saraka ya kupokelea faili kabla ya kutoa hata moja.