Nahodha Evans alivyonunua muda kwa askari mmoja

William Davies Evans hakuwahi kula mkate wa chesi. Alizaliwa mwaka 1790 katika parokia ya St Dogwells, Pembrokeshire, Wales. Akiwa na miaka 14 aliingia baharini, akatumikia jeshi la majini hadi vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, kisha akahamia meli za posta. Kufikia 1819 alikuwa nahodha, na kwa miaka mingi kazi yake ikawa kuvusha barua na abiria kati ya Milford, Wales, na Waterford, Ireland. Chesi ilipata saa zilizobaki.

Katika saa hizo, miaka ya 1820, alibuni shambulizi ambalo vilabu vya enzi ya Malkia Victoria vililicheza kwa miongo kadhaa. Wengi huliita ushujaa. Mimi naliona kama hesabu ya mtu aliyezoea ratiba.

Tazama linavyofanya kazi. Mweupe anaanza na e4, Mweusi e5. Farasi wanatoka f3 na c6. Maaskofu wanakwenda c4 na c5. Hapo Mweupe anasukuma b4, askari wa bure. Askofu mweusi akimla, askari wa c anapanda c3 na kumfukuza. Wakati askofu anakimbia, Mweupe anapiga d4 na kuishika kati. Mweusi kapata askari mmoja, lakini askofu wake kazurura huku kete zake nyingine zimelala. Tena, kuondoka kwa askari wa b kunafungua njia mbili: malkia anafika b3 kuungana na askofu wa c4 dhidi ya f7, ambako mwanzoni mlinzi ni mfalme peke yake, na askofu wa pili anaweza kukaa a3.

Evans alimwonyesha hayo mchezaji Alexander McDonnell katika mchezo mmoja jijini London, ila humo Evans alijenga ngome kwanza, kisha ndipo akasukuma b4. Hatua ya 8, malkia b3. Hatua ya 10 askari walikulana e5, mstari wa a3 hadi f8 ukabaki wazi. Hatua ya 11 askofu akaenda a3. Mfalme mweusi hakuweza tena kujificha upande wa mfalme, kwa kuwa f8 ilikuwa imelengwa. Hatua ya 15 Evans alitoa ngome kumla farasi wa d8 aliyelinda f7, na farasi wake mwenyewe akaitwaa f7.

McDonnell alijibu kwa malkia h4, akitishia kumaliza mchezo kwa kushuka e1. Evans hakumpa nafasi: malkia b5, shaha, malkia e5, shaha, malkia e6, shaha, kisha askofu yule wa a3 akaingia d6, mati. Hatua 20. Ngome yake ya a1 na farasi wa b1 hawakuwa wamesogea kabisa! Mwaka 1834, McDonnell na Mfaransa La Bourdonnais walipocheza michezo 85 London, wote wawili walitumia shambulizi hilo.

Nahodha mwenyewe alistaafu mwaka 1840. Anatajwa pia kwa taa za rangi tatu za kuzuia meli zisigongane usiku. Alifia Ostend, Ubelgiji, mwaka 1872.

Dawa ya shambulizi lake ilikuja na mchezaji Emanuel Lasker, mwishoni mwa karne ile: usimng'ang'anie askari. Askofu anarudi b6, askari anarudishwa e5, malkia wanabadilishana, na Mweupe anabaki na askari waliotengana upande wa malkia bila shambulizi la kumfariji. Baada ya hapo mabingwa wengi waliliacha shambulizi la Evans, hadi Garry Kasparov alipolitoa kabatini mwaka 1995 mjini Riga dhidi ya Viswanathan Anand. Anand alimla askari, akamrudisha askofu hadi e7, na baada ya hatua 25 akasalimu amri.